Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupima umeme wa nyumbani kwa mita za kujitengenezea (Mbeya, Iringa, Njombe na jirani)

Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza yale yale kila wiki, wengine wanaanza na "mkuu LUKU inanila", wengine wanatuma picha ya waya bila maelezo yoyote. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale ya ajabu ajabu. Kama jibu lipo sehemu nyingine nimekuelekeza huko, sirudii.

## Mambo ya mwanzo

LUKU si inapima tayari? Ya nini kuweka mita nyingine?

LUKU inakwambia kitu kimoja tu, kwamba uniti zimebaki kadhaa. Haikwambii zimeenda wapi. Jana zilikuwa 40 leo asubuhi 33, sasa hizo 7 kazila nani, friji, shawa au yule kijana wa chumba cha nyuma? Mita ya kujitengenezea inakuonyesha matumizi sekunde hadi sekunde, unaona jagi likiwashwa mstari unapanda, likizima unashuka. Hiyo tu inamaliza ubishi mwingi sana ndani ya nyumba.

Uniti moja ni nini hasa?

Ni kilowati moja kwa saa moja, yaani wati 1,000 zikiwaka saa nzima. Taa ya wati 10 itachukua saa 100 kumaliza uniti moja, jagi la wati 2,000 litaimaliza kwa nusu saa. Ukilielewa hili umeshaelewa nusu ya ukurasa huu.

Sina hela ya kununua kifaa chochote, naweza kupima leo?

Ndio, na mimi kila mtu namwanzisha hapa kabla hajanunua kitu. Angalia uso wa mita yako, kuna kataa kadogo kekundu kanakopepesa na pembeni pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, 1600 imp/kWh au 3200 imp/kWh. Hiyo namba ndio idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Chukua simu, fungua saa ya kuhesabia, hesabu mipepeso kwa dakika moja. Zidisha kwa 60,000, gawa kwa ile namba ya kwenye mita. Unachopata ni wati zinazotumika nyumba nzima muda huo huo.

Mfano, mita ya 1600 imepepesa mara 53 kwa dakika. 53 mara 60,000 gawanya kwa 1,600 unapata kama wati 1,990. Hapo ujue kuna jagi au hita imewashwa sehemu. Sasa zima kitu kimoja kimoja huku mtu mwingine anahesabu, muweke mtoto wa darasa la tano pale kwenye mita atafurahi na kazi itakwenda. Kama mipepeso ni michache, tuseme mitatu kwa dakika, usihesabu dakika moja, hesabu dakika tano ugawe kwa tano, vinginevyo jibu litakuwa la kubahatisha.

Njia hii haigusi waya, haigusi lakiri, na ni sahihi kama LUKU yenyewe kwa sababu ni LUKU yenyewe inayosema.

Kataa kamewaka tu muda wote, hakapepesi. Mita imeharibika?

Mita nyingi zikiwa hazina mzigo kabisa taa inabaki imewaka bila kupepesa, maana yake hakuna kinachotumika. Washa pasi uangalie. Ikianza kupepesa mita ni nzima. Pasi inawaka na taa imeganda vile vile, toa taarifa TANESCO, na uwahi kutoa wewe kabla wao hawajagundua wakakuuliza maswali.

Mwezi uliopita elfu kumi ilinipa uniti 28, leo imenipa chini ya 24. Wamepandisha bei?

Hapana, umenunua mara ya kwanza ndani ya mwezi na kodi ya jengo imekatwa. Ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida (ilianza 2021 ikiwa 1,000). Hesabu yenyewe iko hivi: mteja wa kundi la T1 (matumizi ya kawaida) analipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato, unaongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (wasimamizi wa nishati) asilimia 1, inakuja kama 356. Elfu kumi nzima inakupa 28. Ukitoa 1,500 inabaki 8,500, hiyo ni uniti 23 na pointi. Soma ile meseji ya tokeni mpaka chini, makato yote yameandikwa, watu wanasoma namba 20 tu wanafunga simu.

D1 ni nini, na nitajuaje kama nimo?

D1 ni kundi la matumizi madogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Bei ni shilingi 100 kabla ya kodi, ukiweka kodi 122, kwa hiyo uniti 75 zote ni 9,150. Gawa hela ya umeme (baada ya kutoa kodi ya jengo) kwa uniti ulizopata, ukipata karibu na 122 uko D1, ukipata karibu 356 uko T1. Ukiwa D1 ukapitisha 75 zile za juu zinauzwa 350 kabla ya kodi, na ukizoea kupitisha unahamishiwa T1. Kwa mtu wa D1 kupima sio mchezo wa mafundi, tofauti ya uniti kumi tu inaweza kumhamisha kundi.

Tangu ile kuhuisha mita ya 2024 uniti zinaisha haraka, kweli au si kweli?

Hili swali bana. Ile kazi ilikuwa ya kalenda. Mita za tokeni dunia nzima, za mfumo unaoitwa STS, zinaitambua kila tokeni kwa namba ya dakika zilizohesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuandikia hiyo namba ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, baada ya hapo mita isingeweza kujua tokeni ipi mpya ipi ya zamani. Zile tokeni za ziada ulizoingiza zilibadilisha ufunguo wa siri wa mita na kuanza kuhesabu upya. Sehemu inayopima umeme haikuguswa.

Kama bado huamini, fanya jaribio la mita lililoko kwenye swali la kifaa na LUKU kutolingana, huko chini. Ukishaona kwa macho yako utalala.

## Kuchagua vifaa

Ninunue kipi sasa?

Inategemea unataka kujua nini.

Unataka kujua kifaa kimoja, friji au tivii, nunua kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, kile cha pini tatu chenye kioo. Unachomeka, unachomeka friji juu yake, unakuja kesho kusoma. Kuna na plagi janja za waifai zinazofanya hivyo hivyo kwenye simu. Angalizo, zile za bei rahisi zimeandikwa 16A lakini ukiziwekea hita ya chumba masaa matatu zinayeyuka, usizipe zaidi ya wati 2,000 kwa muda mrefu.

Unataka nyumba nzima bila kugusa waya, tengeneza kisoma mipepeso: ESP8266 au ESP32 (kikompyuta kidogo chenye waifai) na fototransista (kijicho cha kuona mwanga) moja mbele ya kile kataa ka mita. Kanakuhesabia usiku na mchana ile hesabu uliyofanya na simu. Wengine wanatumia LDR (risista inayohisi mwanga), inafanya kazi ila ni nzito kidogo kuitikia, mita ya 3200 ikikimbia inaweza kuruka mipepeso.

Unataka nyumba nzima na volti na kila kitu, hapo ndo PZEM-004T, kibodi kidogo cha kupimia umeme. Toleo la 3.0 lenye pete (inayovishwa kwenye waya kupima ampea) linapima mpaka ampea 100, volti 80 mpaka 260, wati, powa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli), frikwensi na uniti, na linaongea na ESP kwa waya wa data. Kwa bei yake sijaona kitu kinachoshindana nalo.

Kuna klampu (pete za kubana waya) za SCT-013, kwa nini husifii hizo?

Nzuri, ila peke yake inapima ampea tu, volti haijui. Watu wanazidisha ampea kwa 230 wanasema hizi ndo wati. Kwa jagi na pasi sawa, kwa friji na pampu ya maji sio sawa, kwa sababu mota inavuta ampea nyingi kuliko kazi inayofanya, na LUKU ya nyumbani inakuuzia kazi, haikuuzii ampea. Kwa hiyo klampu tupu itakwambia friji inakula zaidi ya ukweli. Afu na volti zetu huku zinavyopanda na kushuka, hiyo 230 yenyewe ni ndoto ya jioni.

Ukiamua kuitumia jua aina yako. SCT-013-000 inatoa miliampea 50 kwa ampea 100 na inahitaji risista ya nje ya kugeuza hizo miliampea kuwa volti, SCT-013-030 inatoa volti 1 kwa ampea 30 na risista iko ndani tayari. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku.

Vinapatikana wapi huku kwetu?

ESP na waya utapata kwa wanaouza vifaa vya elektroniki mjini Mbeya, zungukia Mwanjelwa na Kabwe, na vijana wa chuo cha MUST pale Iyunga wanajua nani ana nini wiki hii. PZEM mara nyingi inatoka Kariakoo, unalipa, inapakiwa kwenye basi, kesho yake unaifuata stendi. Iringa na Njombe ni hivyo hivyo. Bei siandiki, zinabadilika na kila duka lina yake. Cha kuangalia ni maandishi ya toleo, zile PZEM za zamani zinaongea lugha nyingine, mpangilio wa programu wa toleo la 3.0 haufanyi kazi nazo, na pete iwe ya 100A.

Lazima niwe na intaneti? Na bando?

Hapana. ESP inaweza kutengeneza waifai yake mwenyewe, unaunga simu, unafungua ukurasa mdogo, unaona namba. Hiyo haili bando hata kilobaiti. Ukitaka kuona ukiwa kazini hapo ndo utahitaji ruta nyumbani. ESP8266 inaelewa waifai ya 2.4 GHz tu, ruta yako ikiwa imewekwa 5 GHz peke yake haitaiona hata ukiapiza.

Wenye kompyuta ya zamani isiyo na kazi weka Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani), inahifadhi historia yote ndani ya nyumba na michoro yake ni mizuri, ila kumbuka na hiyo kompyuta inakula umeme. Nimeona mtu anatafuta mwizi wa wati 30 huku kompyuta ya kumtafutia mwizi inakula 60.

Sijui kuprogramu kabisa.

ESPHome na Tasmota ni programu za kuweka kwenye ESP, zote ni za bure na PZEM zinaifahamu tayari. Unaandika mistari michache ya kusema waya wa data uko pini ipi, unaflashi (unaiingiza kwenye ESP) kwa kebo ya USB mara moja, baadae unasasisha kwa waifai. Kwa kisoma mipepeso ESPHome ina kitu kinaitwa pulse_meter, unakipa ile namba ya kwenye mita yako basi. Ukikwama tafuta kijana yeyote wa veta au chuo, ni kazi ya soda moja.

## Kufunga

Ni halali? TANESCO hawatanikamata?

Mita ya LUKU na waya unaoingia kwenye mita ni mali ya TANESCO. Usikate lakiri, usifungue kifuniko, usiguse chochote kabla ya mita au kati ya mita na meni swichi. Kuchezea hapo ni kosa kisheria na faini yake utaikumbuka. Baada ya meni swichi ni nyumba yako, unaweza kuweka kipimo kama unavyoweka sakiti breka nyingine. Kisoma mipepeso kinashikizwa kwa utepe mweusi juu ya kioo cha mita, kiweke kiasi kwamba msoma mita akija anakitoa bila kuacha gundi.

Nifunge PZEM mwenyewe?

Upande wa ESP ndio, cheza upendavyo, ni volti 5. Upande wa terminali za AC ni volti 230, na kusema kweli jibu langu ni moja: mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akufungie ndani ya DB (boksi la breka), ni kazi ya nusu saa. Mwambie mambo haya. PZEM ipate laivu yake kupitia sakiti breka ndogo ya 6A. Pete ipitishwe kwenye waya wa laivu unaotoka meni swichi. Kila kitu kiwe ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko, sio ubao na misumari. Na meni swichi izimwe kabisa akiwa anafanya kazi, asikwambie "mimi nimezoea".

Na usiiache PZEM mezani imeunganishwa na umeme huku watoto wanapita, ile bodi nyuma iko wazi.

Nimefunga lakini ampea zinasoma sifuri.

Pete umeizungusha kwenye waya zote mbili, laivu na nyutro kwa pamoja. Umeme unaokwenda na unaorudi vinafutana, inabaki sifuri. Toa nyutro. Ndo hilo tu, mara tisa kati ya kumi.

Na hiyo ya kumi, volti zinasoma vizuri na ampea hazipo, angalia waya mwembamba wa pete kwenye terminali zake, umelegea.

Mita yangu iko juu ya nguzo, ndani nina kibodi tu.

Kisoma mipepeso sahau, hutapanda nguzo. Weka PZEM baada ya meni swichi. Kile kibodi cha ndani kinakuonyesha salio, kwa hiyo unaweza kulinganisha salio na PZEM yako kila wiki.

Nina fezi tatu, mashine ya kusaga.

Unahitaji PZEM tatu, kila fezi na yake, kila moja kati ya fezi na nyutro. Usiiunge kati ya fezi na fezi, pale kuna volti 400 na PZEM mwisho wake 260, itapasuka. Zote tatu zinaweza kutumia waya mmoja wa data ukizipa anwani tofauti, ila lazima uzipe anwani moja moja kabla hujaziunganisha pamoja, zikitoka kiwandani zote zinaitika jina moja.

Radi je? Na ukungu wa Tukuyu?

Kuanzia Novemba mpaka masika yanaisha radi za Rungwe na Mbeya zinajulikana. PZEM iko kwenye laini moja kwa moja haina pa kujificha. Kizuia mshtuko cha kwenye DB kinasaidia, ethi nzuri inasaidia zaidi, na ethi nyingi nilizoona ni nondo fupi iliyopigwa kwenye kifusi. Unyevu nao, Tukuyu na Makete boksi lisipozibwa vizuri terminali zinaota ukijani. Tumia boksi lenye raba, matundu ya waya yaangalie chini.

## Kusoma namba: nani anakula

Nini hasa kinakula umeme huku Nyanda za Juu?

Kupasha joto. Sio tivii, sio taa, sio chaja ya simu. Dar mtu analia na kiyoyozi na feni, huku kwetu Juni na Julai ni maji ya kuoga, chai na hita ya chumbani, na vyote hivyo ni koili inayogeuza umeme kuwa moto, hakuna ujanja wa kiufundi utakaoipunguza.

Chukua shawa ya umeme. Wati 5,000, mtu anaoga dakika kumi, hiyo ni uniti 0.83, karibu shilingi 300. Familia ya watano kila mtu mara moja kwa siku ni uniti 4 na kidogo. Kwa mwezi ni 125. Yaani kuoga peke yake kumeshapita lile fungu lote la D1 la uniti 75 kabla hujawasha taa hata moja! Mtu anakuja analalamika mita inakimbia, nikimuuliza ulifunga shawa lini anasema mwezi wa tano. Na mita ilianza kukimbia lini? Mwezi wa tano.

Jagi linasingiziwa zaidi ya dhambi zake. Lita moja na nusu kutoka maji ya bomba ya Uyole asubuhi, tuseme nyuzi 15, mpaka ichemke inakula kama uniti 0.15, shilingi hamsini na kitu. Kwa mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, kwa hiyo tunaokoa kidogo. Tatizo la jagi ni kujaza lita mbili kwa kikombe kimoja, na kuchemsha tena kwa sababu yamepoa mkiwa mnapiga stori. Chupa ya chai ipo kwa kazi gani?

Hita ya chumba ya wati 2,000 kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tano ni uniti 6, zaidi ya shilingi 2,100 kwa usiku mmoja. Blanketi zito la sokoni linajilipa ndani ya wiki chache.

Maharage kwenye jiko la umeme ni hasara?

Kwenye sufuria ya wazi ndio, kwa sababu ile nyuzi 94 niliyosema inafanya maharage yachukue muda mrefu kuliko Pwani. Kwenye presha kuka ya umeme ni hadithi nyingine kabisa: presha inapandisha joto, na ikishafika koili inazima na kuwaka mara chache. Ipime kwa kipimo cha kuchomeka, linganisha na unachonunua mkaa, uamue mwenyewe.

Friji je?

Friji ndogo nzima huwa inakula kati ya nusu uniti na uniti moja na nusu kwa siku. Kwenye mchoro utaona ngazi, inawaka inazima. Ngazi zikiungana ikawa mstari mmoja usiozima, raba ya mlango imechoka au gesi imepungua. Ukiishi Njombe kwenye baridi ile, jiulize na kama unaihitaji Julai.

Nina vifaranga, ile taa nyekundu inakula kiasi gani?

Ya wati 250 ikiwaka masaa 24 ni uniti 6 kwa siku, na hiyo ni taa moja. Kwa bei ya T1 ni kama 2,140 kila siku, piga kwa wiki tatu nne za kulea uone kama bei yako ya kuku inaibeba. Wafugaji wengi wanahesabu chakula na chanjo wanasahau hili. Kidhibiti joto kinachozima taa bandani kukiwa pamoto kinarudisha hela yake haraka, na kuziba upepo kunasaidia kuliko kuongeza taa.

Tivii na king'amuzi vikiwa vimezimwa kwa rimoti?

Tivii za sasa ni wati chini ya moja au karibu na hapo, achana nazo. King'amuzi ndo kinaweza kuendelea kula kama wati 10 usiku na mchana, kwa mwezi uniti 7. Kizime ukutani.

PZEM inaonyesha volti 185 jioni, imeharibika?

Inawezekana sana ni kweli, hasa ukiwa mwisho wa laini, mbali na transfoma. Angalia asubuhi na usiku wa manane. Ikirudi 220 au 230 watu wakilala, ni umeme mdogo wa jioni. Jagi la wati 2,000 kwenye volti 200 linatoa kama 1,500 tu, linachelewa ila halikuibii, maji yale yale nishati ile ile. Mota ya friji ndo inaumia, inavuta ampea zaidi na kuchemka, weka friji gadi.

Hifadhi hizo namba na tarehe na saa. Ukienda ofisi ya TANESCO na mchoro wa wiki mbili, mazungumzo yanakuwa tofauti na ukienda na "umeme wetu mdogo jamani".

## Wapangaji na LUKU moja

Tuko wapangaji watano LUKU moja, tunachanga sawa, wengine tunaona tunaonewa.

Hili ndo swali namba moja kwa ukubwa, kuanzia Ilomba mpaka Kihesa. Mmoja ana taa na redio, mwingine ana friji, pasi na jiko la koili, wote wanatoa elfu tano. Kuna nyumba watu hawasalimiani sababu ya hili.

Dawa ni sabmita, ile mita ndogo ya kubana kwenye DB, moja kwa kila chumba. Sio lazima iwe na waifai, yenye namba tu inatosha na inadumu. Mnachagua siku moja ya mwezi, mnasoma mbele ya wote, mnapiga picha, mnaweka kwenye grupu. Uniti za kila chumba mnazidisha kwa bei halisi mliyonunulia. Taa za nje, pampu na koridoa ni tofauti kati ya LUKU na jumla ya sabmita, hiyo mnagawana sawa. Kodi ya jengo ile 1,500 kwa asili yake ni ya mwenye jengo, mkubaliane naye aikate kwenye pango.

Tatizo jingine ambalo sabmita haliliponyi: watu watano kwenye LUKU moja lazima mtapita uniti 75, wote mnalipa bei ya T1 hata yule wa taa na redio. Mwenye uwezo aongee na mwenye nyumba aombe LUKU yake.

Mwenye nyumba hataki sabmita, tufanyaje?

Huwezi kumfungia DB yake kwa nguvu. Pimeni kwa kipimo cha kuchomeka, kinazunguka chumba hadi chumba, kila kifaa kikubwa kinapimwa siku moja. Andikeni jedwali, mkubaliane mgao mpya. Sio sahihi kama sabmita ila ni bora kuliko kubishana. Mara nyingi mama mwenye nyumba akiona lile jedwali anakubali mwenyewe, kwa sababu na yeye anachoka kuamua kesi kila Jumamosi.

Tumpime jirani bila kumwambia?

Usifanye. Mchoro wa umeme unaonyesha mtu anaamka saa ngapi, yupo au hayupo, amesafiri au vipi. Mwambieni, na namba zake azione yeye kwanza.

## Mambo ya ajabu ajabu

Kifaa changu na LUKU havilingani, nani mkweli?

Tofauti ya asilimia moja mbili ni kawaida, PZEM yenyewe inatajwa kukosea mpaka nusu asilimia, na saa za kusoma haziwi zile zile. Ikizidi asilimia tano fanya jaribio hili. Zima kila kitu, washa jagi au pasi moja tu, soma wati kwenye PZEM, hesabu mipepeso ya LUKU dakika moja kwa ile hesabu ya mwanzo. Pasi inajizima katikati, kwa hiyo jagi lililojaa ni bora. Rudia na mzigo mdogo, taa tu. Zikilingana kwenye jagi na zikapishana kwenye mzigo mdogo, ni kifaa chako, pete kubwa hazioni vizuri ampea ndogo sana. Zikipishana kote, kwanza hakikisha hakuna waya unaotoka meni swichi bila kupita kwenye pete, banda la nje mara nyingi limeungwa kivyake.

Nimezima kila kitu na mita bado inapepesa.

Zima sasa meni swichi yenyewe. Ikiacha kupepesa, kuna kitu ndani: pampu, taa ya getini, au waya uliochakaa unaovuja kwenye ukuta wenye unyevu. Washa breka moja moja mpaka umpate. Ikiendelea kupepesa na meni swichi imezimwa, kuna mzigo kabla ya meni swichi, huenda mtu kajiunga. Usifungue, piga TANESCO.

Umeme ukikatika namba zinapotea?

PZEM inatunza jumla ya uniti hata umeme ukiondoka. Kisoma mipepeso hakitunzi mpaka umwambie ESP ahifadhi. Kama ESP yako iko kwenye pawabenki, umeme ukikatika itaanza kuandika "nan" (yaani hakuna namba) kwa sababu PZEM nayo imezima, usifute hizo nan, ndo rekodi yako ya muda wa kukatika.

Nina sola imeungwa pamoja na TANESCO.

PZEM-004T haijui umeme unaingia au unatoka, yote inaijumlisha kama matumizi. Kama inveta yako inarudisha umeme kwenye laini namba zitakudanganya, tafuta mita inayosoma pande mbili. Kama sola yako ni ya betri na inawasha mzigo wake peke yake, pete iweke upande wa TANESCO na nyingine upande wa inveta, usizichanganye.

Naweza kutumia namba zangu kudai TANESCO wanirudishie uniti?

Kama ushahidi wa mwisho hapana, kifaa chako hakijathibitishwa na Wakala wa Vipimo na wao hawalazimiki kukikubali. Kama sababu ya kuwaomba waje kuipima mita yao, ndio, na inafanya kazi. Peleka matokeo ya jaribio la jagi, namba ya mita, tarehe, na tokeni za miezi mitatu. Omba namba ya malalamiko uiandike. Wakikaa kimya, ofisi za EWURA zinapokea malalamiko ya wateja na watakuuliza ile namba kwanza.